Siku ya Kumi na Nne

4 Machi

Zimekuja leo asubuhi, baada ya kuniweka siku hamsini na moja nikizingoja kama mgeni aliyeahidi kufika na hakusema saa. Daktari wa wanawake amenitaka nizifuatilie kwa maandishi. Nina miaka arobaini na tisa, mwili unajiandaa kufunga duka, na yeye anataka tarehe, hataki hadithi. Basi nimenunua daftari. Hedhi: tarehe nne Machi.

Daftari lina kurasa mia mbili na mimi sina hedhi mia mbili zilizobaki, kwa hiyo nitaandika na mengine.

Kazi yangu ni kukata nyama. Nikisema hivyo kwenye harusi watu huniuliza bucha langu liko wapi. Nyama yangu huja kwenye vichupa, imetolewa mwilini mwa mtu, mara nyingi haizidi punje ya mchele. Naitoa maji, naizamisha kwenye nta ya moto, nta ikiganda napata kitofali. Kitofali nakifunga kwenye mashine na kukikata vipande vyembamba mpaka ukivipulizia pumzi vinaruka. Naviopoa majini kwa kipande cha kioo, navitia rangi ya pinki na ya zambarau, kisha kioo kinakwenda chumba cha pili kwa Profesa, ambaye si profesa, ila amesoma darubini miaka thelathini na tano na hakuna aliyethubutu kumwita vingine. Anachokiandika yeye ndicho anachoambiwa mgonjwa. Kila nilichonacho kichwani kuhusu nyama ya binadamu nilikipata kwake.

Mvua zimeanza leo.

5 Machi

Mvua. Vioo sitini na viwili. Mgongo.

8 Machi

Mwanafunzi wa mazoezi aliniuliza leo ni nyama gani naipenda. Swali la kijinga, lakini jibu ninalo: utando wa ndani ya kizazi.

Ini ni ini, Jumatatu hata Ijumaa. Figo ukishaijua umeijua. Lakini ule utando hauna siku mbili zinazofanana. Hedhi ikikoma unabaki mwembamba, na tezi zake zimenyooka kama mirija ya kunywea soda. Zinajaza chembe mpya, utando unanenepa, yai linatoka siku ya kumi na nne au jirani na hapo. Siku tatu baadaye, chini ya kila kiini kunatokea tone jeupe, yote yamejipanga mstari mmoja kama watoto wa shule asubuhi. Kisha tezi zinajipinda, kingo zinakuwa na meno ya msumeno, nyama ya katikati inavimba maji, mishipa ya damu inajisokota. Nyumba imetandikwa. Mgeni asipokuja, mishipa inajibana, utando unakosa damu na kubomoka, na kesho yake kazi inaanza upya bila kulalamika. Mtu aliyezoea anaweza kutazama kioo akakwambia mwenye nyama hii yuko siku ya ngapi.

Mwanafunzi akasema, "Kumbe ni kama saa."

Nikamwambia saa haijawahi kujijenga upya. Akaandika hilo kwenye daftari lake, nikaona aibu kidogo.

16 Machi

Kitinda kaja kunisalimu. Ni mdogo wangu wa mwisho, miaka thelathini na mbili, kitinda mimba wa mama yetu, na jina hilo limemganda. Miaka sita ya ndoa bila mtoto, na sasa damu inamtoka nyingi kupita kiasi, mwezi wa nne huu. Jumanne anakwenda kliniki ya hapahapa kwetu kutolewa kinyama cha kupima.

"Dada, kinauma?"

"Kidogo. Kuliko kumsikiliza mama mkwe wako, kidogo sana."

Akacheka mpaka akashika ubavu. Mumewe alikuwa naye, kakaa mlangoni na mwavuli wake miguuni. Ni fundi cherehani. Katika miaka sita sijamsikia akimaliza sentensi tatu. Mimi kimoyomoyo namwita Bubu. Kitinda anaongea kwa niaba ya wote wawili na yeye anatikisa kichwa. Sijui alimpendea nini.

21 Machi

Umeme ulikatika mara mbili, nta ikaganda na kuyeyuka na kuganda. Nimeokoa vyote. Kabla ya kupeleka vioo kwa Profesa huwa navichungulia kuona kama rangi imekaa. Namba 417 imenifurahisha: hedhi siku ya kwanza, utando umebomoka wote, vifundo vya bluu nzito, tezi zimeangukiana. Rangi safi kabisa. Karatasi za maelezo ya wagonjwa hazipiti kwangu, mimi naona namba tu.

24 Machi

Dari linavuja juu ya kabati la vitofali. Nimeweka ndoo. Nimemwandikia Katibu wa hospitali kwa mara ya tatu.

27 Machi

Mvua. Ndoo imejaa.

1 Aprili

Ninaandika kwa hasira zaidi kuliko kwa hofu.

Kitinda kaja maabara mchana, kaloa chapachapa, mumewe nyuma yake. Hajawahi kuja kazini kwangu. Kanipa karatasi bila kusema neno, na Kitinda asiposema neno ujue kuna msiba. Ni ripoti ya Profesa, naijua sahihi yake kuliko yangu. "Tezi zimesongamana kupita kawaida, nyama ya kati imejikusanya. Hali hii hailingani na siku ya kumi na nne ya mzunguko. Inashukiwa kuwa saratani ya awali. Inashauriwa kizazi kiondolewe."

Daktari wa upasuaji amempangia tarehe kumi na nane. Kizazi chote.

"Dada, wewe unazijua hizi. Niambie kama ni kweli."

Nilitazama juu ya karatasi kutafuta namba. Mia nne na kumi na saba.

Nilikaa kwenye kiti cha mashine. Nyama ya mdogo wangu niliikata kwa mikono hii, nikaifurahia rangi yake, nikaiandika humu. Nimerudi nyuma kurasa mbili kuhakikisha sijaota. Sijaota. Hedhi siku ya kwanza. Utando unaobomoka, tezi huangukiana mgongo kwa mgongo na nyama ya kati hujikunja vifundo. Ukiambiwa ni hedhi, utaona hedhi. Ukiambiwa ni siku ya kumi na nne, wakati kila kitu kinatakiwa kusimama wima, utaona balaa.

"Siku ile ya kipimo ulikuwa siku ya ngapi?"

"Zilikuwa zimeanza asubuhi hiyohiyo. Nilitaka kumwambia yule karani wa dirishani lakini nyuma yangu kulikuwa na wanaume kumi."

"Hakukuuliza?"

"Hakuna aliyeniuliza, dada."

Nimemwambia asisaini chochote. Nimesema kwa sauti kubwa mno, mwanafunzi akaangusha vioo.

2 Aprili

Nimefika kabla ya watu na kwenda masjala, pale karatasi za maelezo zinakokaa. Nimetafuta ya 417. Tarehe ya kipimo, kumi na tisa Machi. Siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, sita Machi. Hesabu: siku ya kumi na nne.

Nikatoa ya 416. Siku ya kumi na nne. Mwanamke wa miaka ishirini na mitatu.

Nikatoa ya 409. Siku ya kumi na nne. Nikatoa faili zima la Machi, nikalimwaga mezani. Kumi na nne, kumi na nne, kumi na nne. Wanawake themanini na watatu wa mji huu, wake za watu, walimu, wauza maduka, wasichana wa chuo, wote wamekubaliana kuja hospitali siku ya kumi na nne! Mmoja ana miaka sitini na minane. Bibi yule alikoma hedhi kabla sijaajiriwa, na karatasi inasema yai lake linatoka leo.

Nilicheka peke yangu masjala mpaka nikakohoa, kisha nikalia. Sijui kipi kilitangulia.

3 Aprili

Bwana Muhuri ndiye karani wa dirishani. Tunamwita hivyo kwa sababu anagonga muhuri kwa nguvu utafikiri anaua mende. Miaka yote nimemhesabu kuwa mvivu namba moja wa jengo hili. Leo nimekwenda kumpa vidonge vyake, na nimempa, mbele ya foleni.

Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akafunga dirisha.

"Umemaliza, dada? Sasa na mimi. Kompyuta iliyoletwa mwaka juzi haikubali kisanduku kitupu. Karatasi zinatoka kliniki hazina tarehe, manesi wana wagonjwa mia, hawaulizi. Mimi nikae dirishani niwaulize wake za watu mambo ya hedhi, wanaume wamejipanga nyuma? Nilimwandikia Katibu. Unataka kujua alinijibu nini?"

Akavuta droo, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Maneno ya Katibu, muhuri wa Katibu: pakikosekana tarehe, makarani wafuate mfano uliotolewa kwenye mafunzo. Na mfano wa kwenye mafunzo ulikuwa mwanamke wa siku ya kumi na nne.

"Kwa nini uliitunza?"

"Nilijua siku moja atakuja mtu na hasira," akasema. "Sikujua kama itakuwa wewe."

Amenipigia nakala. Nimemwomba radhi, na nimemwomba vizuri, maana nilimtukana vizuri.

5 Aprili

Nimekwenda kwa Kitinda baada ya kazi. Nilitaka ushahidi wa tarehe, maana neno la mgonjwa hapa kwetu halina uzito wa karatasi. Kitinda akasema yeye kichwa chake hakishiki tarehe, muulize huyu.

Bubu akaacha cherehani, akanishika mkono kama mtoto mpaka chumbani, akafungua mlango wa kabati la nguo. Upande wa ndani wa mlango umejaa mistari ya chaki ya kushonea, toka juu mpaka magotini. Miaka sita. Kila mwezi mstari, kila mstari na tarehe, mingine ya bluu, mingine myeupe. Alikuwa anahesabu siku za kutafuta mtoto, mwezi baada ya mwezi, na wakati Kitinda anachoka kuhesabu yeye hakuchoka.

Mstari wa mwisho: tarehe kumi na tisa Machi, chaki nyeupe.

"Ule mwingine unaokuja utakuwa kumi na sita, kumi na saba hivi," akasema. "Huwa hachelewi."

Nimeuliza kama naweza kupiga picha. Akafuta vumbi kwanza kwa kiganja pembeni, asiguse mistari. Jina la Bubu naliondoa humu kuanzia leo. Ni shemeji yangu.

8 Aprili

Nimempelekea Profesa kila kitu: nakala ya karani, picha ya mlango, ukurasa wa daftari hili. Nilimwamkia, nikasimama, kama ninavyosimama kwake miaka ishirini na miwili.

Hakuvisoma. Alivua miwani akaifuta.

"Binti yangu, nakuhurumia. Lakini wewe ni dada mtu. Ungekuwa huna undugu ungeniletea chaki ya kabatini?"

"Ningekuletea, Profesa, kama ningeijua."

"Nimeona saratani nyingi kuliko siku zako za kazi. Rudi kwenye mashine."

Nilirudi. Ila nilipokaa kwenye mashine nilijua kwamba sirudi tena pale pale nilipokuwa. Nilidhani mtu huyu hakosei, kumbe hakuna aliyewahi kumwambia.

9 Aprili

Mvua ya mawe. Siku tisa zimebaki.

12 Aprili

Leo nimefanya jambo la kufukuzwa kazi na sijutii hata punje.

Nimetoa kitofali cha 417 kabatini bila kibali na nimekikata tena, ndani zaidi. Nimetia rangi kwa uangalifu ambao sijawahi kuutumia kwa mtu. Kisha nimechukua vioo vinne vya wanawake wengine wa Machi, ambao kliniki ilinisaidia kupata tarehe zao za kweli, kwa simu, mmoja mmoja. Jumla vitano. Nimefunika namba zote kwa plasta ya vidonda. Nikaviweka kwenye sahani na kumpelekea Profesa wakati wa chai, saa ambayo huwa na moyo mweupe.

"Mwanafunzi anataka kujifunza kuhesabu siku za utando," nikasema. "Tusaidie, Profesa. Karatasi hazipo."

Hakuna anachokipenda kuliko kufundisha. Alivuta darubini, akasogeza biskuti pembeni. Mwanafunzi akasimama na kalamu, hajui lolote.

"Hiki... tezi zimenyooka, chembe zinagawanyika. Siku ya nane, tisa." Kweli: tisa.

"Hiki, angalia matone chini ya viini. Kumi na saba. Mtu akikwambia vingine mkatalie." Kweli: kumi na saba.

"Bibi huyu hana hedhi tena. Utando umelala." Kweli. Ndiye yule wa miaka sitini na minane.

"Meno ya msumeno, uvimbe wa maji. Ishirini na mbili, tatu." Kweli.

Cha tano alikitazama muda mrefu zaidi. Nilikuwa nasikia mvua kwenye bati.

"Hiki kizuri sana," akasema. "Kimebomoka chote. Hedhi, siku ya kwanza, ya pili ukizidisha. Andika, kijana: wasiojua wanaweza kukidhania saratani. Usije ukafanya kosa hilo, utamkata mtu kizazi bure."

Mwanafunzi akaandika. Mimi nikabandua plasta.

Nilifikiri nitafurahi. Alitazama namba, akanitazama, uso ukamwiva. "Umenitega."

"Nimekuonyesha kioo bila karatasi, Profesa."

"Umekata kitofali bila idhini. Umenitega mbele ya mwanafunzi. Toka."

Nikatoka na sahani. Biskuti zake zilibaki pale pale.

15 Aprili

Barua ya Katibu. Nimesimamishwa kukata mpaka niandike maelezo na kuomba radhi. Nimepewa mfano wa barua ya kuomba radhi. Watu hawa na mifano yao!

16 Aprili

Nimeandika maelezo. "Nakubali kwamba nilikata kitofali namba 417 bila idhini. Nitakikata tena ikibidi. Wanawake themanini na watatu wa Machi wamewekwa siku ya kumi na nne kwa maagizo ya ofisi yako, nakala nimeambatanisha. Naomba radhi kwao tu." Nimesaini. Bwana Muhuri ameyagonga muhuri wa kupokelewa mpaka meza ikaruka.

Ripoti ya Profesa haijabadilishwa. Kitinda analazwa kesho. Zake zimeanza leo, siku ya ishirini na tisa ya hesabu, shemeji kachora mstari.

17 Aprili

Wodi ya upasuaji ina vitanda kumi na viwili na dirisha moja linalofunguka. Kitinda alikuwa cha tatu, kavaa gauni la hospitali lenye kamba mgongoni, kakondeana ghafla. Mama mkwe wake alikuwepo. Alipotuona akaanza kusema mambo ya Mungu kupanga na mwanawe kuwa bado kijana. Nilimtolea uvivu: nikamwambia mama, leo hapa anayezungumza ni mwenye kizazi.

Daktari wa upasuaji aliingia na fomu, mwanamke wa makamo, mwendo wa haraka. Si mtu mbaya. Ana ripoti yenye sahihi na hana sababu ya kuitilia shaka. Nilimweleza. Alinisikiliza nusu, macho kwenye saa.

"Wewe ndiye yule fundi aliyesimamishwa?"

"Ndimi."

"Dada yangu, nikichelewesha na ikawa saratani kweli, nani atajibu? Wewe?"

Swali lile ni la haki. Nimelilalia siku kumi na sita nzima. Kama macho yangu yamenidanganya kwa sababu ya mapenzi, nitakuwa nimemzika mdogo wangu kwa ukaidi.

Fomu ikawekwa kwenye godoro. Kalamu juu yake. Kitinda akanitazama mimi, kisha mumewe, kisha fomu.

"Sisaini," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. Akarudia, ikawa kubwa zaidi: "Sisaini. Kuna kitu kimoja hamkuniuliza, na sasa mnataka kunitoa kizazi. Niulizeni kwanza. Nitoeni kinyama kingine, mniulize tarehe, mtazame. Kikiwa na saratani nitasaini mwenyewe, bila kulia."

Mama mkwe akageukia mwanawe. "Wewe mwanamume, mwambie mkeo asaini!"

Shemeji akasimama. Alikuwa na futi yake ya kupimia shingoni, alitoka kazini moja kwa moja. "Mama," akasema, "mimi nikikata kitambaa cha mteja kabla ya kumpima, nalipa kitambaa. Hawa hawakumpima. Mke wangu amesema hasaini, na mimi sisaini. Tusipopata mtoto, nitaendelea kuchora mistari." Kisha akakaa. Sentensi nne.

Daktari alikuwa anachukua fomu yake kwa kununa, ndipo mlango ukafunguliwa na Profesa. Profesa hajawahi kukanyaga wodini, watu wanasema hajui hata ngazi ziko wapi. Koti limelowa mabegani. Alinipita bila kuniangalia, akafika kitandani, akatoa kioo kwenye mfuko wa shati, kimefungwa kwenye karatasi ya biskuti.

"Daktari, naiondoa ripoti yangu," akasema. "Hii ni hedhi."

"Profesa, uliandika saratani."

"Niliandika nilichosoma kwenye karatasi. Nilisoma karatasi kabla ya kusoma kioo." Akamgeukia Kitinda, na kwa mara ya kwanza nikamwona ni mzee. "Mwanangu, nimekitazama kioo chako siku tano mfululizo nikikiomba kinipe haki. Hakikunipa. Nisamehe. Tutachukua kingine baada ya wiki tatu, na tarehe nitakuuliza mimi mwenyewe."

Kitinda akaanza kulia, kilio kile alichokuwa amekizuia tangu tarehe moja. Mimi nilitaka kumshukuru Profesa, ila nilishindwa, bado nilikuwa na hasira naye. Nikamsogezea kiti. Akakaa.

18 Aprili

Siku ya upasuaji. Hakukuwa na upasuaji. Tumekula mchana sote watatu kwangu, shemeji kanirekebishia zipu.

22 Aprili

Barua nyingine. Kwa kukata bila idhini nimepewa onyo la maandishi, na adhabu: mwezi mmoja nje ya maabara, nihudumu dirishani, nijaze karatasi za maelezo chini ya Bwana Muhuri.

Nimeisoma mara mbili. Katibu hajui alichonipa!

23 Aprili

Siku ya kwanza dirishani. Nimemuuliza kila mwanamke. Wa kwanza aliangalia nyuma, akaangalia chini, akasema hakumbuki. Wa nne aliniinamia akaninong'oneza. Wanaume kwenye foleni wakawa wanatazama dari. Foleni ilichelewa, Katibu akaja kulalamika, nikamwonyesha kisanduku: kompyuta yako haikubali kitupu, na mimi sitajaza uongo.

29 Aprili

Shemeji kaleta pazia. Kalishona mwenyewe, zito, rangi ya kahawia, linazunguka dirisha upande wa mgonjwa, mtu akisimama ndani foleni haimsikii. Bwana Muhuri kapigilia misumari. Kwa jioni moja tu tumepata siku ya tatu, ya kumi na moja, ya ishirini na sita, na mmoja ambaye hedhi yake ilikoma miaka tisa iliyopita na hakuna aliyewahi kumuuliza.

4 Mei

Mvua zinapungua. Bwana Muhuri sasa anauliza mwenyewe, macho kwenye karatasi, masikio mekundu. Anauliza vizuri.

8 Mei

Kinyama cha pili cha Kitinda kimechukuliwa. Profesa alikwenda kliniki, akamuuliza tarehe, akaiandika kwa mkono wake: kumi na sita Aprili. Siku ya ishirini na tatu.

14 Mei

Mimi sikukata. Kakata mwanafunzi, na Profesa akaniita nitazame kabla yake. Alisimama pembeni ya kiti chake, akaniachia darubini.

Meno ya msumeno. Maji kwenye nyama ya kati. Mishipa imejisokota. Siku ya ishirini na tatu, kama ilivyoandikwa, hakuna ubaya. Pembeni kuna kipande cha uvimbe mdogo laini, wa aina isiyo na madhara, ndio uliokuwa unamwaga damu. Utatolewa kwa njia ya chini, kizazi kitabaki.

"Unasemaje?" Profesa akauliza.

"Nyumba imetandikwa," nikasema, na nikalia juu ya darubini yake mpaka akalazimika kuifuta.

Mtoto atakuja au hatakuja, hilo kioo hakisemi.

23 Mei

Adhabu imekwisha. Nimerudi kwenye mashine. Nimemwachia Bwana Muhuri pazia na kalamu zangu mbili. Jua limewaka siku nzima, ndoo chini ya dari iko kavu.

27 Mei

Leo nimekwenda kliniki kwa ajili yangu. Daktari wa wanawake anataka na mimi nitolewe kinyama, kwa kuwa hazijarudi tangu siku ile. Nikapanga foleni kama watu wengine, nyuma ya mzee mwenye fimbo na mbele ya vijana watatu. Zamu yangu ikafika, nikaingia ndani ya pazia.

Bwana Muhuri aliponiona alisahau kalamu. "Dada... siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho?" akanong'ona.

Nikatoa daftari hili kwenye mkoba, nikafungua ukurasa wa kwanza. Kisha nikalivuta pazia pembeni, foleni yote ikanitazama, na nikasoma kwa sauti ileile ninayomwitia muuza maziwa.

"Tarehe nne Machi."

Alihesabu kwa vidole, akahesabu tena kwenye kalenda. "Siku ya themanini na tano," akasema, safari hii kwa sauti. "Kompyuta itashangaa."

"Ishangae," nikamwambia. "Andika hivyohivyo."